Meza ya Fundi na Nyota Moja

Fundi saa alikuwa na meza ambayo aliiheshimu kuliko baadhi ya ndugu zake. Meza hiyo ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha. Juu yake alifungua saa kuukuu, akazisafisha, akazitia mafuta, akazifunga tena. Saa ikishapona, mke wake aliipiga picha kwa simu na kuiweka kwenye mnada wa mtandaoni. Watu wa mbali walishindana kutaja bei. Aliyewashinda wenzake ndiye aliyeipata, na saa ikasafiri hadi kwake ndani ya boksi lililojaa magazeti.

Meza ile ilikuwa na tabia moja. Skrubu ikiangukia juu yake, ilibingirika kuelekea kushoto. Haikwenda kulia hata siku moja. Basi fundi alifunga kopo la maziwa kwenye ukingo wa kushoto. Skrubu ilijiendea yenyewe, ikatumbukia koponi, ting!

"Mnaona?" fundi aliwaambia wageni. "Mafundi wengine hutafuta skrubu uvunguni. Za kwangu zinarudi nyumbani zenyewe."

Wageni walitikisa vichwa kwa heshima. Hakuna aliyeuliza ni kwa nini.

Kwenye mnada ule, biashara ikiisha, mnunuzi humpa muuzaji nyota na kuandika maoni. Muuzaji naye humpa mnunuzi nyota na maoni. Nyota tano ni sifa. Nyota moja ni aibu. Fundi alikuwa na nyota tano kutoka kwa kila mtu. Kila asubuhi mke wake alimsomea maoni hayo kabla ya chai, naye aliyasikiliza akiwa amefumba macho, kama mtu aliye ibadani.

Asubuhi moja mke wake alifungua simu, akaifunika kwa kiganja.

"Soma," fundi alisema, macho kayafumba tayari.

"Kunywa chai kwanza, baba watoto."

"Soma."

"Nyota moja. 'Saa inatembea kidogo, kisha inasimama. Nimesikitika.'"

Fundi alifumbua macho. Aliikumbuka saa hiyo vizuri. Ilikuwa saa ya mezani, yenye kengele, na ya kwanza aliyowahi kuuza yenye pendulumu, yaani ule uzito unaoning'inia ndani na kuyumba huku na huku.

"Saa ile ilitembea juu ya meza hii bila hata kukohoa!" alifoka. "Huyo ameiangusha, sasa ananisingizia."

"Basi tumuulize kwanza. Kuuliza si ujinga."

"Nimuulize nini mtu aliyekwisha nihukumu? Lete simu."

Aliandika kwa kidole kimoja, akikibonyeza kioo kama anayeua mende. Alimpa mnunuzi nyota moja. Chini yake akaandika: "Mnunuzi huyu ni mwongo. Amevunja saa mwenyewe. Wauzaji wenzangu, mkimbieni."

Chai ilipoa. Hasira haikupoa.

Mchana huo alikuja dada yake fundi, mwanamke asiyeweza kuona moto bila kuutilia kuni. Alisikiliza habari yote, akakunja mikono ya gauni.

"Kaka, wewe umepigana. Sasa niache mimi nikusafishe."

"Wifi, unataka kufanya nini?" mke wa fundi aliuliza.

"Kazi ya ndugu wa damu, wifi. Wewe pika tu."

Alifungua akaunti kadhaa zenye majina ya watu wasiokuwepo duniani. Kisha watu hao wakaanza kummwagia fundi sifa. Mmoja alisema saa ya fundi imemfanya awahi kazini. Wa pili alisema imemrudishia amani ya ndoa. Ilipofika zamu ya wa tatu, maneno yalimwishia dada. Akanakili sifa za muuzaji mwingine, akazibandika bila kuzisoma. Kuandika uongo kunachosha, na mchovu hasomi.

Fundi alilala akiwa na furaha. Lakini saa yake nzuri kuliko zote ilikuwa mnadani wakati huo, na hakuna aliyeitajia bei. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa wasimamizi wa mnada: "Tumeona maoni ya kutiliwa shaka kwenye ukurasa wako. Tunachunguza. Akaunti yako inaweza kufungwa."

Mke wa fundi hakuomba ruhusa ya mtu. Alikwenda moja kwa moja kumwita jirani yao. Huyu aliitwa Mama Karatasi, kwa sababu aliuza vitabu vilivyotumika kwenye mnada huo huo. Alivaa miwani, akasoma ukurasa wote. Mwanzo alitabasamu. Kisha tabasamu likakwama.

"Fundi, umeanza kuuza baiskeli lini?"

"Baiskeli gani?"

"Kuna mtu hapa anasema saa yako ameipanda hadi mjini. Anasifu breki."

Dada yake fundi alitazama dari. Dari haikuwa na kitu.

"Jirani," Mama Karatasi alisema, "maoni ni ushahidi. Mnunuzi hawezi kuishika saa yako kabla ya kuilipia. Anachoshika ni maneno ya waliomtangulia. Ukileta mashahidi wa uongo, unamwibia. Na wakigundulika, hata wale wa kweli hawataaminiwa tena."

"Lakini yeye ndiye aliyeanza!" fundi alisema. "Amenichafulia jina!"

"Amesema saa imesimama. Je, imesimama au haikusimama?"

Fundi aliitazama simu. Hakujua. Hakuwa ameuliza.

"Mtu akikulalamikia, usimjibu ukiwa na hasira. Mwandikie pembeni, kwa adabu. Muulize tatizo ni nini. Mwombe picha au video. Mkishindwa kuelewana, wapelekee wasimamizi ushahidi wako. Na ukishajua ukweli, ndipo ujibu mbele ya watu."

"Nitaomba video," fundi alisema. "Lakini simwombi radhi mtu aliyevunja saa yangu."

"Omba video basi. Tuanzie hapo."

Video ilikuja baada ya muda mfupi. Wote wanne waliinamia simu. Waliona meza inayong'aa, chungwa juu yake, na saa ya fundi haina hata mkwaruzo. Pendulumu iliyumba, lakini mlio wake ulichechemea. Tik... tak-tik... tak-tik... Kisha kimya. Nyuma ilisikika sauti ya mwanamke mzee: "Mwanangu, sasa ni saa ngapi?" Mtu akagonga glasi kwa kijiko, mara kumi.

"Nimejua!" fundi aliruka. "Meza yake imeinama! Saa ya pendulumu haitaki meza iliyoinama. Si nilisema kosa ni lake?"

 Mke wake alikuwa akitazama lile chungwa kwenye video. Lilikuwa limetulia kama limegundishwa. Alikwenda jikoni, akarudi na chungwa lake, akaliweka katikati ya meza ya fundi.

Chungwa lilifikiri kidogo. Kisha likaanza safari. Lilibingirika kushoto, likashika kasi, likaligonga kopo la maziwa, nalo kopo likang'oka. Skrubu zote zikamwagika sakafuni.

Hakuna aliyeinama kuziokota.

Fundi alitazama meza, akatazama saa kwenye simu, akaitazama meza tena. Alielewa yote mara moja. Alikuwa ameirekebisha saa ile mpaka ikakubali kutembea juu ya meza iliyoinama. Ilipofika kwenye meza iliyonyooka, ikachechemea na kusimama. Miaka yote skrubu zilikuwa zikimwambia, ting, ting, na yeye akiwaonyesha wageni.

"Nyani haoni..." dada yake alianza.

"Wewe nyamaza," mke wa fundi alisema, "mwenye baiskeli."

Fundi alichukua kitambaa cha kufutia mafuta, akajifuta uso. Uso ulibaki na mistari myeusi. "Mpigieni," alisema kwa sauti ndogo. "Hapana. Nitampigia mwenyewe."

Mnunuzi alipokea. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke anayengoja kutukanwa tena.

"Mama, ni mimi, fundi saa. Hujavunja kitu. Kosa ni langu. Meza yangu imeinama na mimi sikujua. Nimekuita mwongo, na wewe ulisema kweli. Naona haya hata kukusemesha."



"Mama yangu haoni," mnunuzi alisema. "Alitaka saa ya kengele ili ajue wakati bila kumuuliza mtu. Iliposimama, ikawa mimi namgongea glasi."

Fundi alikaa chini juu ya skrubu. Hakuzisikia.

"Ukitaka kuirudisha, irudishe, gharama ni zangu," alisema. "Ukitaka ibaki, kunja karatasi ngumu, uiweke chini ya mguu wa kulia wa saa. Ongeza kidogo kidogo mpaka mlio uwe sawa."

Walisikia boksi likichanwa. Walisikia mlio ukichechemea, ukajikaza, ukanyooka. Tik, tak. Tik, tak. Mnunuzi akasogeza mshale mpaka saa kumi na moja, na kengele ikalia. Sauti ya mwanamke mzee ikapaa kwa nyuma: "Afadhali! Kile kijiko kilikuwa kinakosea!"

Fundi alicheka, lakini macho yalimlowa.

"Ya saa nimekusamehe," mnunuzi alisema. "Lakini nilitaka kumnunulia mama redio kwenye mnada. Muuzaji amenikataa. Ameniambia amesoma kwamba watu wanikimbie."

Kicheko cha fundi kilikufa hapo hapo. Alikuwa amelilia jina lake siku hizo zote. Hakuwa amekumbuka kwamba mnunuzi naye ana jina.

Alipokata simu, alimgeukia jirani. "Nifanye nini?"

"Ulipotukana ndipo utakapoomba radhi," Mama Karatasi alisema. "Si pembeni. Na usimwombe akubadilishie nyota yake. Hiyo ni mali yake."

Fundi aliondoa ile nyota moja na maneno yake mabaya. Mahali pale akaandika: "Nilimpa mnunuzi huyu nyota moja kwa hasira. Alikuwa msema kweli. Mwenye kosa ni mimi. Mwuzieni bila wasiwasi." Alimwandikia muuza redio pia. Dada yake alizifuta akaunti zake zote, akiwaaga wale watu wasiokuwepo mmoja mmoja. Mwisho fundi aliwaungamia wasimamizi wa mnada. Walimwonya vikali, lakini hawakufunga akaunti yake.

Siku zikapita. Asubuhi moja mke wake alifungua simu kabla ya chai. Safari hii fundi hakufumba macho.

"Yule mama amebadilisha maoni yake. Nyota nne. 'Saa ilisimama. Fundi alikosea, akakubali, akaitengeneza. Sasa mama yangu anaisikia saa yake, na redio tumepata.'"

"Nne?" fundi aliuliza. "Ya tano iko wapi?"

"Iulize meza."

Hakuuliza. Watu walikuwa wameanza tena kutaja bei za saa zake, na wengine walisema ni kwa sababu ya nyota hizo nne. Na chini ya maelezo ya kila saa fundi sasa huandika: "Ikikusumbua, niambie kwanza. Nitakusikiliza."

Mguu mfupi wa meza ulikwisha tiwa kipande cha mbao. Chungwa lililowekwa juu yake lilitulia. Kopo la maziwa lilirudi jikoni kuwa kopo. Na skrubu, kwa kuwa hazina tena mteremko wa kuzipeleka nyumbani, sasa huanguka popote zinapotaka.

Ndiyo maana mgeni akiingia humo siku hizi, humkuta fundi saa amepiga magoti uvunguni, akipapasa sakafu kwa mikono miwili.

"Fundi, unatafuta nini?"

"Skrubu."

Na mke wake hujibu kutoka jikoni, "Mwache atafute. Ni rahisi kuliko kutafuta jina."