Mstari Uliopinda

Kila Jumapili jioni Chiriku aliketi kwenye kigoda, miguuni pa baba yake, akisukwa nywele. Mama yake, muuguzi, alikuwa zamuni jioni hizo, hivyo baba, fundi wa kuchomelea mageti, alijifunza kusuka. Mistari yake ilinyooka kama imepimwa kwa rula. Babu, aliyekuja kuwatembelea, alitazama mara moja tu, akaongeza sauti ya redio.

Shuleni, wenzake walipouliza nani anamsuka, Chiriku alijibu harakaharaka, "Shangazi yangu." Aliona aibu. Baba wa nani anasuka nywele?

Njia ya mwongo ni fupi. Mwalimu wa kwaya alifurahi kusikia habari za shangazi huyo. "Mashindano ni Jumamosi. Mwombe shangazi aje Ijumaa awasuke wenzako sita, mfanane."

Shida ni kwamba baba yake alikuwa mtoto wa pekee. Shangazi huyo hakuwahi kuzaliwa!

Jioni ile Chiriku aliacha chakula mezani. Baba alipomuuliza, akasema yote.

"Kwa hiyo mimi ndiye shangazi?"

Babu aliangua kicheko mpaka akakohoa. Baba hakucheka. Alitazama vidole vyake vyenye makovu ya cheche. "Unaionea aibu mikono hii, mwanangu?"

Chiriku akalia. Babu naye akazima redio.

"Mjukuu wangu, aibu hiyo ni yangu, wewe umeirithi tu. Baba yako alipokuwa mdogo alianguka, akanikimbilia analia, mikono juu. Nilikuwa na rafiki zangu. Sikumbeba, niliogopa watanicheka. Mpaka leo naiona ile mikono."

Baba alisema taratibu, "Yamepita, mzee."

Ijumaa Chiriku alisimama mbele ya kwaya. "Nilidanganya. Sina shangazi. Anayenisuka ni baba, yule pale mlangoni."

Msichana mmoja alicheka. Dakika kumi baadaye alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Babu alikuwa amekuja kubeba vigoda. Ilipofika zamu ya Chiriku, alikohoa kidogo, akamgeukia mwanawe. "Hebu nifundishe na mimi."

Alisuka mstari mmoja, ukapinda vibaya. "Mjukuu wangu," alisema akiufunga, "uongo ulikupa shangazi hewa. Ukweli umekupa baba na babu. Usimfiche tena anayekupenda."

Jumamosi, wenzao wa shule nyingine walimuuliza nani kampindishia mstari hivyo.

"Babu yangu!" Chiriku akajibu, akageuza kichwa wauone vizuri.