Usigeuke Kabla ya Geti

"Hili gari limefufuliwa," Breki alisema, akigonga mlango kwa kidole kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa asiye na bahati. "Hapa ni bati. Hapa ni puti ya kuzibia mashimo. Hapa puti tena. Mzee, unauza gari au unauza ukuta?"

Mwenye yadi ya magari alishika kiuno. "Breki, mwanangu, kila ukija hapa mimi nakonda."

"Na hizi tairi zina upara kukushinda."

Mwenye yadi, ambaye kichwa chake kiling'aa kuliko magari yake yote, alijipapasa utosi.

Huyo ndiye Breki, na hiyo ndiyo kazi yake. Mtu akitaka gari lililotumika kwa bei nafuu, anamchukua Breki, Breki analitukana gari mpaka mwenyewe analionea haya, na bei inashuka. Mteja wa siku hiyo alikuwa mwalimu wa hesabu, mama mpole, na alipewa masharti kabla ya kuingia: asitabasamu, asishike usukani, asipapase viti. Tayari alikuwa amevunja yote.

"Twende, mwalimu," Breki akasema.

"Lakini mimi nalipenda," mwalimu akanong'ona.

"Najua. Ndiyo maana tunaondoka. Tembea polepole, na usigeuke kabla ya geti."

Wakatembea kama watu wanaotoka mazikoni. Wakalipita lori bovu, wakalipita basi lisilo na vioo. Shingo ya mwalimu ilitetemeka kwa hamu ya kugeuka. Geti lilipokaribia, nyuma yao ikasikika sauti ya mtu aliyechoshwa na dunia.

"Haya, rudini. Rudini tuongee kama binadamu."

Breki alitabasamu bila kugeuka. Hiyo ndiyo ilikuwa imani yake kuu: anayeita ndiye aliyeshindwa. Yeye hakuwahi kumwita mtu arudi, na alijivunia jambo hilo jinsi wengine wanavyojivunia vyeti vilivyotundikwa ukutani.

Mwalimu alipokwisha kuruhusiwa kutabasamu, na sasa amekaa kwenye gari lake ameukumbatia usukani, mwenye yadi alimsogelea Breki huku akijifuta jasho.

"Umenikomoa, na mimi nakukomoa. Msasa amerudi mjini."

"Msasa gani?"

"Uliza tena ukishatoa kiatu chako juu ya mguu wangu."

Breki akatoa kiatu.

"Alipita hapa jana," mzee akaendelea. "Anatafuta gari dogo. Anasema ni la mwanamke."

Breki akasema hongera yake. Aliisema vizuri kabisa, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kupotea kwa mbuzi, kisha akaenda kwenye gari lake na kukaa ndani muda mrefu bila kuliwasha.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la kijani, isipokuwa mlango mmoja. Mlango wa abiria ulikuwa wa kijivu, ile rangi ya chini inayopakwa kabla ya rangi yenyewe. Watu walimuuliza mara kwa mara kwa nini asiumalizie. Breki alijibu kwamba rangi hiyo imeadimika. Haikuwa imeadimika. Aliyeadimika ni fundi.

Msasa alikuwa fundi rangi, kijana mtulivu mwenye madoa ya rangi mpaka masikioni. Gari hilo walilinunua pamoja likiwa kama sufuria iliyoanguka dirishani: Breki akalitukana likauzwa kwa bei ya kutupa, Msasa akalinyoosha, na kila jioni wakapaka kipande kimoja. Boneti. Buti. Milango. Ukabaki mmoja.

Ndipo Jumapili moja Msasa akaja nyumbani kwa shangazi yake Breki, shati limepigwa pasi, ananukia sabuni juu na thina ya kuyeyushia rangi chini. Akasema amepata kazi kwenye gereji kubwa, mji mwingine. Akasema hataki kwenda peke yake. Akasema neno "mke", kisha akanywa chai yote kwa mkupuo ingawa ilikuwa ya moto.

Moyo wa Breki uliruka sarakasi. Lakini mdomo wake ulikuwa umefundwa yadini, na yadini ukikitaka kitu sana ndipo unakitafutia kasoro.

"Unakoroma hata ukisinzia kwenye kiti," akamwambia. "Unanuka thina. Kabati huna. Na huo mji wenyewe una vumbi. Nitafikiria."

Alidhani mwenzake atacheka. Msasa aliweka kikombe chini taratibu, akaaga kwa adabu, akatoka. Breki akasimama dirishani. Akifika kwenye nguzo ya umeme atageuka, alijisemea. Akifika kwenye duka la kona atageuka. Msasa alitembea polepole, mabega yamenyooka, akakata kona. Hakugeuka.

Tangu siku hiyo Breki aliishi kama gari lililoachwa likiunguruma bila dereva. Hakubadilisha namba ya simu, ingawa mtandao wake ulishika vizuri pale tu anaposimama juu ya stuli. Msasa alipoweka mtandaoni picha ya gari alilolipaka, Breki aliikuza mpaka simu ikapata joto, akichunguza kama kwenye mng'ao wa rangi kuna kivuli cha mwanamke. Siku za kuosha gari, ule mlango wa kijivu aliuacha wa mwisho, akauosha kwa kiganja. Na kila akipita karibu na gereji, harufu ya thina ikimpata, alipunguza mwendo. Atarudi? Hatarudi? Na akirudi, atarudi na nani?

Sasa alikuwa amerudi, na gari ni la mwanamke.

Jioni hiyo simu ililia mlio wa ujumbe. Breki alikuwa akimenya vitunguu, jambo lililomsaidia baadaye kuyaeleza macho yake.

*Habari za siku. Nasikia bado unasaidia watu kununua magari kwa bei nafuu. Nahitaji gari dogo. Utaweza kuja nami yadini kesho asubuhi? Msasa.*

Kikao cha dharura kilifanyika jikoni. Wajumbe walikuwa wawili, Breki na shangazi, na shangazi akajiteua mwenyekiti.

"Amesaini jina," shangazi alisema, akiishikilia simu mbali na macho. "Mtu aliyekuambia neno 'mke' anakusainia jina kama benki. Hii ni mbaya, au ni nzuri sana."

"Shangazi, anamnunulia mwanamke wake gari. Na anataka mimi nimpunguzie bei."

"Basi mwambie hutaki."

Breki aliandika ujumbe mrefu, akaufuta. Akaandika mwingine wenye swali la moja kwa moja, akaufuta kabla shangazi hajausoma. Mwishowe akatuma: *Sawa. Asubuhi. Usichelewe.*

Shangazi akausoma, akatikisa kichwa. "Hata wanaokuja kukata umeme huandika kwa upendo kuliko huu."

"Ningeandikaje?"

"Ungeandika unachotaka, binti yangu. Mara moja tu katika maisha yako, ungesema unachotaka."

Asubuhi Breki aliegesha gari lake karibu na geti la yadi. Msasa alikuwa amekwisha kufika, amesimama kati ya magari na begi begani, shati limepigwa pasi. Breki alianza harakaharaka kumtafutia kasoro moyoni. Ndevu mpya, hazijalingana. Mashavu yameingia ndani. Akatafuta ya tatu, akaikosa.

"Umekonda," akamwambia.

"Hiyo ni salamu au ni kasoro?"

"Twende tuangalie magari."

Kazi ikaanza, na Msasa akawa mteja mbovu kuliko wote aliowahi kuwaongoza. Breki akisema injini inakohoa, yeye anasema ina sauti nzuri. Breki akionyesha kutu, yeye anasema rangi imetulia. Mwenye yadi aliwafuata nyuma akichanua kama ua, bei zikipanda wakiwa wamesimama palepale.

"Ukisifia hivyo utauziwa mpaka kivuli cha gari," Breki alisema. Kisha, kwa sauti ya kikazi: "Huyo mwenye gari ni wa kimo gani? Nijue kiti."

"Wa kimo chako."

"Anajua kuendesha?"

"Anaendesha kama anamkimbia mtu."

"Anakupenda?"

Swali lilitoka lenyewe. Mwenye yadi akagundua ghafla kioo chenye vumbi, akaanza kukifuta kwa bidii mpaka kikalia.

"Sijui," Msasa alisema. "Hajawahi kuniambia. Huwa ananitajia kasoro tu."

Breki aliangalia chini. Alielewa. Damu yote ilimpanda masikioni, na bado ulimi wake ulikaa umelala kama tairi lisilo na upepo.

Msasa akamsubiri. Alipoona hapati kitu, akanyoosha mkono kuelekea getini. "Lile la mlango wa kijivu ni bei gani?"

"Haliuzwi."

"Sishangai. Dogo kama kabati. Rangi mbili. Nani atalinunua gari ambalo mwenyewe ameshindwa kulimalizia?"

"Halijashindikana," Breki alisema, na sauti ikaanza kupanda. "Halijawahi kuniacha njiani. Mvua inanyesha, linawaka. Asubuhi ya baridi, linawaka. Na kazi ya rangi iliyofanyika pale hakuna fundi wa mji huu anayeiweza. Nimetafuta."

Mwenye yadi aliacha kufuta kioo. Katika miaka yake yote ya biashara hakuwahi kumsikia Breki akilisifia gari.

"Kwa hiyo bei haishuki," Msasa alisema.

"Haishuki."

"Basi mimi nimeshindwa."

Akaweka begi sawasawa begani, akaanza kutembea kuelekea getini. Polepole, mabega yamenyooka.

Breki aliujua mwendo huo. Aliufundisha yeye. Msasa akalipita lori bovu. Atageuka, Breki alijisemea, na papo hapo akajisikia yuko dirishani kwa shangazi, pazia mkononi, barabara tupu.

"Breki," mwenye yadi alisema kwa sauti ya chini. "Mimi mteja akifika pale kwenye basi, naita. Unadhani siku zote hizo nilikuwa nashindwa?"

"Ulikuwa unashindwa, mzee."

"Nilikuwa nataka kuuza, mwanangu. Basi."

Msasa alilifikia basi lisilo na vioo.

"Rudi," Breki alisema. Neno lilitoka dogo, likaanguka palepale miguuni. Akavuta pumzi. "Msasa. Rudi."

Msasa akasimama. Hakugeuka. "Bei ya mwisho?"

"Hakuna bei. Rudi tu. Unakoroma, unanuka thina, ndevu zako hazijalingana, na mimi nakutaka. Nilikutaka hata siku ile. Nilikutaka mpaka nikashindwa kupaka mlango."

Mwenye yadi alisimama wima mikono ubavuni, kama mtu anayesikia wimbo wa taifa.

Ndipo Msasa akageuka, na Breki akaona kwamba macho yake yalikuwa yameloa tangu kwenye lori.

"Siku ile nilitembea polepole mpaka dukani pale kona," akasema, akirudi. "Nikanunua kiberiti. Sigara sivuti, na jiko langu ni la umeme. Nilisimama nimekishika mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nasubiri uniite."

"Na mimi nilikuwa dirishani nasubiri ugeuke."

"Nani alinifundisha nisigeuke?"

Breki aliweka paji la uso wake kwenye lile shati lililopigwa pasi. Sabuni juu, thina chini. Akavuta harufu hiyo kama mtu aliyetolewa majini.

"Nimeacha ile gereji," Msasa alisema juu ya kichwa chake. "Ina kila kitu, ila kila gari nikilimaliza, hakuna wa kulitukana."

"Kwa hiyo gari la mwanamke ulilokuja kutafuta..."

"Ni lile pale. Nililiona limeegeshwa barabarani siku niliyofika. Nikaona mlango bado wa kijivu. Nikasema, huenda sijachelewa."

Ndani ya begi kulikuwa na kopo la rangi ya kijani.

Wiki ya harusi Msasa aliupaka ule mlango, uani kwa shangazi. Shangazi alileta kiti akakaa kama jaji. Mwenye yadi alikuja kusalimia, akabaki kuangalia. Rangi ilipokauka, jambo moja likaonekana wazi. Gari lilikuwa limepigwa jua siku nyingi na kupauka. Mlango ulikuwa mpya. Kijani hiki na kile havikulingana, na mtu angeliona hilo hata akiwa ng'ambo ya barabara.

"Vipi?" Msasa akauliza, brashi mkononi.

Shangazi alifunga macho. Mwenye yadi alirudi nyuma hatua kadhaa, kwa usalama wake.

Breki alilizunguka gari. Akainama, akaangalia kwa pembeni. Akagonga mlango kwa kidole, akasikiliza. Mdomo ukafunguka, na wote wakaona maneno yakipanda, yamejipanga, yamekamilika. Akayameza.

"Nzuri," akasema.

Msasa alijua. Fundi rangi hadanganyiki kwenye rangi. Alimtazama mkewe mtarajiwa muda mrefu, tabasamu likimwenea mpaka kwenye madoa ya masikio.

"Hebu rudia."

"Nzuri," Breki alisema, akamfungulia mlango wa abiria. "Usizoee kusifiwa."