Nondo Aliyefuata Asali

Jua likizama, mama alinituma mtaa wa Nyamianda kununua asali. Ilikuwa siku ya tano ya malaria ya mdogo wangu Victoire, na hakuwa akimeza kitu kingine.

Niliporudi, nondo mkubwa aliingia nyuma yangu. Akatua ukutani, juu ya kitanda. Mgongoni alikuwa na alama ya fuvu la mtu.

Nimesoma biolojia. Nilimjua: Acherontia atropos, mwizi wa asali mizingani. Lakini kumjua kwa macho si kuthibitisha. Lazima apimwe.

Kwetu, nondo akiingia kwa mgonjwa, mlango huachwa wazi mpaka atoke mwenyewe. Mama aliufungua. Mimi nikaufunga.

“Sabine, umuache,” alinong'ona. “Iko na pumuzi ya mudogo wako.”

“Mama, iko na njaa ya asali tu.”

Victoire alitabasamu, macho ameyafumba, akanitania. “Mwalimu... umuulize jina kwanza.”

Nilimfunika nondo kwa chupa ya mayonezi, ndani nimetia pamba yenye asetoni, ili alale nimpime. Dakika tano tu.

Akalia.

Kii... kii...

Nilimweleza mama sababu: husukuma hewa kupitia mrija mfupi wa mdomo. Mama hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anamtazama Victoire.

Kila nondo alipolia, kifua cha Victoire kilipanda.

Kii... kikapanda.

Kii...

Kisha kimya. Harufu ya asetoni ilijaa chumbani.

Nilifungua chupa. Nikampulizia nondo, nikamtikisa Victoire. Wote wawili walikuwa wepesi mno.

Mabawa: sentimita kumi na moja na nusu. Sikuwa nimekosea.

Muuguzi alisema Victoire aliuawa na malaria iliyopanda kichwani. Huenda.

Sasa ni miezi minne. Nondo yuko mezani kwenye sanduku, pini kifuani, na lebo: Uvira, tarehe, jina langu. Kila jioni mama humtilia tone la asali kwenye kifuniko cha soda, humwita Victoire. Asubuhi kifuniko ni kikavu. Namwambia ni sisimizi. Nimeweka miguu ya meza ndani ya mikebe ya maji. Bado kinakauka.

Nilipomchoma pini, ulimi wake ulikuwa umejikunja. Niliuchora, mchoro ninao.

Leo asubuhi umenyooka. Nimeugusa.

Unanata.

Mama ananiomba nichomoe pini. Nimeishika mara tatu... na kila mara, kabla sijavuta, ninasikia mtu akivuta pumzi.