Nyumba Haikurusha Jiwe

Kila alfajiri Dhaniram na mkewe Badami hukaa sakafuni wakitunga maua. Ni maua ya manjano, na mashada yake huuzwa hekaluni kabla jua halijapanda. Kazi hiyo Dhaniram aliirithi kwa baba yake, pamoja na nyumba ya vyumba viwili hapa mtaani kwetu.

Juma lile nyumba ilikuwa kimya. Lakhan, mdogo wake Dhaniram anayeishi nao, alikuwa amepigana sokoni. Jiwe likavunja kioo cha gari la serikali, na Lakhan akakamatwa. Dhaniram alikasirika, lakini alijipa moyo kwamba mahakama itaamua.

Jumatano asubuhi Badami alitoka kumwaga maji. Akakuta karatasi imebandikwa ukutani, na kando yake alama kubwa nyekundu. Badami alijifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo alisoma polepole, neno kwa neno. Nyumba hii imejengwa kinyume cha sheria. Itabomolewa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Yaani kesho.

Ndoo ilimponyoka. Alisimama pale pale, miguu imelowa, akaisoma tena. Mama mkwe wake, ambaye hatembei tena, aliuliza mara tatu kutoka kitandani kuna nini. Badami alikwenda kumwita mumewe.

Dhaniram alipoisoma alipanda juu ya paa na kuanza kung'oa mabati.

"Unafanya nini, mume wangu?" Badami alimuuliza.

"Angalau mabati yapone," alisema. "Ukishindana na katapila, utabaki na nini?"

Kelele za mabati zilimtoa nje jirani yao, Nasreen. Nasreen ni fundi cherehani, lakini siku mbili kwa juma hufanya kazi ya usaidizi wa kisheria katika mahakama ya wilaya. Alisoma karatasi, kisha akaigusa pembeni. Kidole chake kilitoka na gundi.

"Shemeji, shuka kwanza," alimwambia Dhaniram. "Karatasi hii ina tarehe ya siku kumi na sita zilizopita. Gundi yake ni ya leo."

Hapo Badami akaelewa. Kumbe mtu alikaa ofisini akaandika tarehe ya uongo, ili wao wasipate hata siku ya kujitetea.

Nasreen aliipiga picha karatasi, na gundi mbichi pia. Kisha akawaeleza taratibu. Katiba inalinda uhai wa kila mtu, na Mahakama ya Juu imesema paa la mtu ni sehemu ya uhai huo. Serikali haiwezi kuvunja nyumba kwa sababu mtu wa nyumba hiyo ameshtakiwa. Kama ujenzi una kasoro, lazima ilani iletwe kwa barua ya rejesta, yenye risiti ya posta, na ibandikwe pia ukutani. Mwenye nyumba anapewa siku kumi na tano, anasikilizwa, na uamuzi unaandikwa pamoja na sababu zake. Hata hapo, anapewa siku nyingine kumi na tano za kukata rufaa au kuondoa kasoro mwenyewe.

Dhaniram aliuliza kama hilo ni kwa kila jengo. Nasreen alikiri kuwa sivyo. Aliyejenga juu ya barabara au kingo za mto halindwi hivyo. "Lakini ninyi mna hati," alisema. "Ileteni. Na wakili wa msaada wa kisheria ni bure."

Adhuhuri walikuwa ofisini kwa wakili, ambaye alimpa Badami nakala ya amri ya Mahakama ya Juu akaisome. Kufika jioni, ombi la kuzuia ubomoaji lilikuwa limetumwa Mahakama Kuu ya jimbo. Jaji alipanga kulisikiliza kesho yake saa nne na nusu. Katapila lingefika saa tatu.

Lilifika saa tatu kasoro, pamoja na polisi na afisa wa manispaa. Mtaa mzima ulitoka. Mama mkwe alikataa kutolewa kitandani. Dhaniram alikaa kando yake, amemshika mkono.

Badami ndiye aliyetoka.

"Mama, pisha njia," afisa alimwambia.

"Nitapisha, bwana. Nionyeshe kwanza risiti ya barua ya rejesta mliyotuletea."

Afisa alipekua faili lake. Badami akauliza taarifa ya ukaguzi iko wapi, na nani anapiga video ya ubomoaji, maana sheria inataka vyote viwili. Nasreen alikuwa nyuma yake, ameshika simu.

"Nani amekufundisha haya?" afisa aliuliza.

"Nimesoma. Na nimesoma kwamba aliyevunja kinyume cha amri ya Mahakama ya Juu atajenga upya kwa mfuko wake mwenyewe. Mfuko wa manispaa hautamsaidia. Sasa niambie jina lako nani, niandike."

Afisa alimtazama dereva wa katapila. Dereva akazima injini. Afisa akasogea pembeni na simu, akapiga, akapiga tena. Ilipofika saa tano kasoro, simu ya Nasreen ililia. Wakili alikuwa ametuma amri: jaji ametoa zuio. Afisa aliisoma mara mbili kwenye simu hiyo, uso umemshuka, akaondoka na watu wake.

Badami aliingia ndani, akakaa sakafuni, na hapo ndipo alipolia.

Ilani ya kweli ililetwa baadaye, kwa barua ya rejesta. Wapimaji walikuja, familia ikasikilizwa. Kibanda tu cha kuhifadhia maua, kando ya nyumba, kilikuwa kimezidi hatua mbili juu ya mtaro. Dhaniram alikibomoa mwenyewe kwa nyundo, kwa siku moja. Nyumba ikathibitishwa kuwa halali.

Kesi ya Lakhan bado inaendelea. Alipopata dhamana alirudi nyumbani, akasimama mlangoni akiogopa kuingia. Badami alimsogezea sinia.

"Mahakamani utajibu mwenyewe, shemeji," alimwambia. "Hapa ni kwenu. Kula."