Jaketi Lisilokauka

Kageha aliligusa tena. Jua la ufuo wa Dunga lilikuwa limekausha omena wa jirani, dagaa wale wadogo wa ziwani, mpaka wakawa kama kucha, na majaketi yote ya kuelea aliyoyatundika kwenye kamba yalikuwa makavu, isipokuwa moja. Lile la rangi ya machungwa, lililoshonwa ubavuni kwa uzi wa nyavu. Lilidondosha maji tone kwa tone, na chini yake udongo ulikuwa tope.

"Baba," alimwita mumewe, "hili ulilitoa wapi?"

Nicodemus Achola alikuwa ameinamia injini ya boti. Hakuinua kichwa. "Dukani."

"Duka gani linauza kitu kimeshonwa na uzi wa nyavu?"

"Wageni wanangoja, Kageha. Maswali weka kwa chai."

Nicodemus alikuwa mtu wa kanisa, mtu wa kushukuru Mungu kabla ya kula hata hindi la kuchoma. Kazi yake ilikuwa kupeleka wageni kuona viboko, na nyuma ya nyumba alikuwa na vyumba viwili vya kuwalaza. Wiki hiyo wakaguzi walikuwa wamepita ufuoni na amri: boti isiondoke kama kuna mgeni mmoja asiye na jaketi. Ni amri nzuri, imeokoa wengi. Ila Nicodemus alikuwa amepungukiwa na moja.

Wageni wake siku hiyo walijaza boti, na kati yao walikuwa Jacinta, mwalimu kutoka Nakuru, na bintiye Shantel wa darasa la sita. Jacinta alikuwa mwoga wa maji. Alivuta kila kamba ya jaketi la machungwa alilovishwa mtoto, akauliza, "Bwana Achola, hii kweli inashika?"

"Madam, hiyo hata kiboko akiivaa anaelea."

Walicheka. Shantel hakucheka. "Mum, hii yangu ni nzito. Ni kama nimebeba mtu."

Ilikuwa adhuhuri, ziwa limetulia kama mafuta kwenye sufuria. Viboko walikuwa wakipumua karibu na magugumaji, na Jacinta alikuwa akiwapiga picha, aliposikia mtoto akisema kwa sauti ndogo:

"Kuna mtu amenishika kiunoni."

Hapakuwa na mtu nyuma yake. Lakini jaketi lilikuwa limemkaza hadi kamba zikaingia kwenye nguo, na Nicodemus alipoinama kulifungua harufu ilimpiga usoni, harufu ya ziwa la chini kabisa, kule mizizi inakooza, na vidole vyake vikashindwa na fundo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelifunga.

Walizikata kamba kwa kisu ufuoni, wakamvua. Haikusaidia.

Jioni Shantel alikaa mezani mbele ya samaki, akakohoa. Maji yakamtoka mdomoni, si mate, maji ya kijani, yakatapakaa kwenye sahani, na ndani yake omena mmoja alikuwa akirukaruka, mzima. Kisha msichana yule wa Nakuru, ambaye hakujua hata kusalimia kwa Kijaluo, akasema kwa Kijaluo kizito cha watu wa Usenge, kwa sauti ya mwanamume:

"Mama, nimechoka kuogelea."

Kageha hakuwa Mjaluo, lakini alikuwa ameolewa huko miaka ya kutosha. Alielewa kila neno. Sahani ikamponyoka.

Kliniki ilipiga picha ya kifua. Mapafu yalikuwa yanajaa maji, na daktari akataka alazwe hospitali kubwa upesi. Waliita gari. Lakini kila gari lilipogeuka kuelekea mjini, kulipa ziwa kisogo, pumzi ya mtoto ilikatika na midomo ikawa bluu, na kila liliporudi nyuma kuelekea majini alivuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka chini, hivyo dereva akawa anaenda mbele na kurudi huku mama anapiga kelele, mpaka dereva mwenyewe akazima injini, akashuka, akakataa kushika tena usukani.

Wakamrudisha nyumbani. Kageha akamwita Mama Rachael wa maombi, mwenye kanzu nyeupe na msalaba mwekundu mgongoni. Aliimba, akapiga ngoma, akaweka mkono juu ya kifua cha mtoto, akautoa haraka umelowa.

"Huyu aliyemshika hajatumwa na mchawi," alisema taratibu. "Huyu amepotea. Nani alimvisha mtoto lile jaketi?"

Nicodemus alipiga magoti. Alikuwa analia kabla hajafungua mdomo.

"Niliiokota ikielea. Nilisikia watu wa Usenge wanamtafuta kijana wao, Obonyo, aliyezama na nyavu zake. Nilijua ni yake. Nikasema nitaipeleka wakaguzi wakishaenda."

"Ulimvisha mtoto wangu nguo ya maiti," Jacinta alisema, "ukaniambia ni usalama?"

Nicodemus aliinamisha uso hadi sakafuni.

"Ona sasa," Mama Rachael alisema. "Watu wake hawajamlilia. Hawana mwili, hawana hata kitu chake. Wangekuwa na hii wangeizika pamoja na tunda la mti wa yago, linalozikwa badala ya mwili, naye angelala. Wewe umemwacha majini anatafuta nani wa kumbeba. Ipelekwe kwao. Mtoto hana siku nyingi."

Alfajiri Nicodemus na Mama Rachael walishika njia ya Usenge, jaketi likiwa ndani ya karai. Lilivuja njia nzima. Walimwaga karai mara nyingi, likajaa tena, na Nicodemus aliomba toba hadi ulimi ukakauka.

Mama yake Obonyo alikuwa akigeuza omena juu ya wavu. Alipoliona lile karai aliacha kila kitu. Hakuuliza wao ni nani. Alipitisha kidole kwenye ule uzi wa ubavuni.

"Nilishona mwenyewe," alisema. "Alikuwa ananicheka, eti, Mama, unashona kama unafunga gunia."

Mama Rachael alimweleza polepole kuhusu mtoto wa wageni, kaburi na tunda la yago. Mama yule alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, kisha akaingiza mkono mmoja kwenye jaketi.

"Mama, usivae! Tafadhali, mama, usivae!" Nicodemus alipaza sauti.

"Nimzike vipi na amekuja?" Akaingiza mkono wa pili, akafunga vipande vya kamba kifuani kama mtu anayefunga mtoto kwa leso. Maji yakaanza kutiririka kutoka kwenye pindo la gauni lake, yakapita miguuni, yakaingia nyumbani mwake mbele yake.

Simu ya Nicodemus ikalia. Ilikuwa Kageha, analia na kucheka pamoja. "Baba, anapumua! Ameomba uji! Bwana asifiwe, ameomba uji!"

Nicodemus hakuweza kusema amina. Alimfuata mama yule ndani, akamshika kamba, akavuta, akamsihi amruhusu akate. Mikono aliyoikuta pale kwenye fundo ilikuwa na ubaridi wa samaki, na haikuwa miwili tu.

"Niache, mwanangu," mama alisema. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa bluu, na alikuwa akitabasamu. "Rudi kwa wageni wako. Waambie ziwa ni salama."

Akakohoa, akapangusa maji kidevuni, akaketi kitandani akijikumbatia na kujipembeza.

"Na ukitoka ufunge mlango. Mtoto anasikia baridi."