Kambare Aliyezidi Kiganja cha Bi Verlene

Kila Ijumaa ua wa kanisa letu hunukia samaki. Mkaangaji ni Bi Verlene Gadsden, na kwa kambare hana mpinzani. Huwalaza kwenye mtindi tangu Alhamisi, huwapaka unga wa mahindi na pilipili, kisha huwatia kwenye mafuta ya moto.

Ijumaa moja mumewe, Lucius, alileta kambare mrefu kama mkono wa mtu mzima. Alimvua mtoni, karibu na mtambo wa umeme.

"Huyu ni wa Kesha," alisema. Kesha ni binti yao. Alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Odom, jirani yetu anayepima maji ya mto, alikuwa akipita na chupa zake.

"Bi Verlene, usimpe Kesha huyo."

"Kwani ana mkosi?"

"Ana zebaki. Mtambo unachoma makaa ya mawe. Moshi unabeba zebaki, inaanguka mtoni. Majivu yaliyorundikwa ukingoni nayo yanavujisha sumu nyingine. Samaki wadogo wanaila hiyo zebaki kidogo kidogo. Huyu mkubwa amekula wadogo miaka mingi, yote imebaki mwilini mwake."

"Ndiyo maana nawalaza kwenye mtindi! Mama alinifundisha, unavuta uchafu wote."

"Unavuta harufu ya tope tu, mama. Zebaki imo ndani ya nyama. Haitoki kwa mtindi wala kwa moto. Na inaharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni."

Lucius akacheka. "Tumekula miaka arobaini, tuko wazima!"

"Mzima wewe? Jana ulitafuta miwani saa nzima, na umeivaa!" Bi Verlene alimjibu.

Sote tulicheka isipokuwa Bi Verlene mwenyewe. Alikuwa akimtazama Kesha pale uani, aliyekuwa akimaliza sahani mbili kila Ijumaa. Aliogopa, nami nilimwona. Ningekuwa mimi, ningebisha, maana sifa ya miaka thelathini haiachwi kirahisi. Yeye alimfunga yule kambare kwenye gazeti, akamtupa jalalani.

Jumatatu alimpeleka Kesha kliniki. Damu ilipimwa, zebaki ikaonekana imezidi.

"Acha samaki wakubwa wa mto," muuguzi alimwambia Kesha. "Kula wadogo wa bwawa lililopimwa, mara moja kwa wiki. Zebaki itapungua taratibu."

Baada ya miezi mitatu ilikuwa imeshuka. Kesha akajifungua msichana mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Siku hizi Bi Verlene hukaanga samaki wa bwawani tu, na anayezidi kiganja chake haingii kwenye kikaango. Ndiye pia aliyetuongoza kupeleka vipimo vya Odom wilayani, hadi malori yakaanza kuyahamisha majivu kutoka ukingo wa mto. Nampenda mwanamke huyu!

Ijumaa iliyopita mchungaji alikuja na kambare mkubwa wa mtoni, akitabasamu. Bi Verlene aliweka kiganja juu yake. Kichwa kikabaki huku, mkia kule.

"Verlene, ni sadaka!"

"Basi mtolee Mungu, Mchungaji. Hapa kuna watoto."

Mchungaji alimtupa jalalani, akapanga foleni nyuma ya Kesha na mtoto wake. Alipewa wadogo wanne, akawamaliza wote.