Vidonge Katika Kopo la Vifungo

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, mama wa makamo aliyekwisha kupata wajukuu. Watu walimwita Mama Vifungo. Katika chumba chake cha kazi vifungo vilikuwa vingi kuliko watu sokoni. Makopo yalijaa rafu nzima: vikubwa vya makoti, vya kati vya mashati, vidogo vya nguo za watoto. Juu ya makopo hakuandika kitu.

"Vidole vyangu vinajua kusoma," alisema. "Nikigusa tu, nimeshajua."

Siku moja aliteleza kizingitini akavunjika kifundo cha mkono. Mkono ulipopona, daktari alimpima akamwambia mifupa yake imedhoofika. Akampa vidonge vya aina mbili. Vikubwa vyeupe vilikuwa vya kalsiamu, madini yanayojenga mifupa. Vidogo vilikuwa vya vitamini D, inayousaidia mwili kuipokea ile kalsiamu. Maelezo yote yaliandikwa kwenye chupa.

Mama Vifungo alifika nyumbani, akavimwaga vyote mezani. Akavichambua kama anavyochambua vifungo. Vikubwa kopo lake, vidogo kopo lake. Chupa akazitupa.

"Vikubwa ni vya mifupa mikubwa, mgongo na mapaja," alijiambia. "Vidogo bila shaka ni vya vidole. Na mimi bila vidole ni nani?"

Basi kila asubuhi alimeza kidogo kimoja. Vikubwa alimeza vitatu kwa mpigo, na chai kavu, ili ashike kazi yake mapema. Vidogo vilikuwa kumi na viwili tu, havikuchukua wiki mbili vikaisha. Alimpa binti yake kimoja cha mwisho ndani ya karatasi.

"Nenda duka la dawa, waambie nataka kama hiki."

Binti alinunua boksi zima. Lilipoisha, akanunua la pili. Hakuuliza kitu. Mama akisema dawa, wewe mtoto utauliza nini?

Miezi miwili ikapita, mambo yakaanza kwenda mrama. Kiu ilimshika Mama Vifungo, akawa anamaliza jagi la maji kabla ya saa nne. Safari za chooni zikawa hazihesabiki. Choo kikubwa nacho kikagoma. Chakula hakikumwendea. Mwili ukachoka, akawa anasinzia juu ya kitambaa. Kibaya zaidi, kichwa kilimvuruga. Alimshonea mwalimu mkuu suruali yenye mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi.

"Mama Vifungo," mwalimu mkuu alisema, ameishika suruali kwa ncha za vidole, "hii nivae nikipanda mlima?"

"Ndiyo," alijibu Mama Vifungo. "Ukishuka, geuka uende kinyumenyume."

Watu walicheka, lakini binti yake hakucheka. Alimwita mama yake kando.

"Mama, uzee umepiga hodi. Umefanya kazi ya kutosha. Jumamosi naja na gari, cherehani naipeleka kwangu. Wewe upumzike."

"Nipumzike nife?"

"Upumzike tu, mama."

Mama Vifungo aliitazama cherehani yake. Kazi hiyo aliianza kabla binti huyo hajazaliwa. Kwa cherehani hiyo alimlisha na kumsomesha. Lakini moyoni aliogopa. Alijiuliza, je, kama mtoto anasema kweli? Jana tu alitafuta miwani nusu saa, nayo iko usoni.

Jumamosi ikafika, na gari likafika. Binti na dereva waliinua cherehani, huyu mbele, yule nyuma. Walipofika mlangoni, Mama Vifungo akavuta kigoda akaketi katikati ya mlango.

"Mama, tupishe!"

"Nirukeni."

"Cherehani ni nzito, mama!"

"Basi iwekeni. Nimewashika mkono?"

Hapo akatokea nesi wa kituo cha afya, jirani yao wa nyumba ya pili. Alikuwa amefuata sare yake.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Wananizika na bado nakunywa maji." Akainua jagi akalinywa hadi nusu. "Sare yako ile pale kwenye msumari."

Nesi aliitazama. Mifuko yote miwili ilikuwa mgongoni.

"Ni uzee, dada," binti alisema kwa aibu. "Kichwa kimechoka."

Nesi hakucheka. Alilitazama jagi. "Mama, kiu hii imeanza lini? Na chooni unakwendaje?"

"Kidogo naenda kila saa. Kikubwa nimekisahau."

"Kuna dawa unameza?"

"Za mifupa." Mama Vifungo akashusha makopo mawili. "Hivi vya mgongo, vitatu kila siku. Hivi vya vidole, kimoja kila siku."

"Vya vidole?" Nesi alikitwaa kidonge kidogo, akakigeuzageuza. "Boksi lake liko wapi?"

Binti alikimbia akaliokota boksi tupu chini ya meza. Nesi akasoma kwa sauti: "Vitamini D ya nguvu nyingi. Kidonge kimoja kwa wiki."

"Kwa wiki?" aliuliza Mama Vifungo.

"Kwa wiki, mama. Siku saba. Wewe umemeza cha wiki nzima kila siku. Vitamini D ikizidi, mwili unavuta kalsiamu nyingi mno, inajaa kwenye damu. Damu ikijaa kalsiamu, ndiyo hiyo kiu, ndiyo hiyo safari ya chooni, tumbo kufunga, uchovu na kichwa kuvurugika. Ikiendelea, inaharibu figo. Huu si uzee. Tusikae, twende kituoni sasa hivi. Na kuanzia sasa usimeze hata kimoja."

Binti alijishika kichwa. "Mungu wangu! Na mimi ndiye niliyenunua. Mara mbili!"

"Ndiyo, na bila kuuliza," alisema mama yake. "Halafu mzee ni mimi."

Gari lililofuata cherehani likambeba mwenye cherehani. Cherehani yenyewe ilibaki katikati ya mlango.

Kituoni walimpima damu. Kweli, kalsiamu ilikuwa juu. Alilazwa siku tatu, akatundikiwa maji, vidonge vyote vikasimamishwa. Hata aliporuhusiwa, kila baada ya wiki mbili alirudi kupimwa tena. Taratibu kiu ikaisha, tumbo likafunguka, akili ikarudi. Damu yake ilipotulia kabisa, wiki nyingi baadaye, daktari akampangia upya, naye nesi akamweleza polepole.

"Kalsiamu utameza kimoja baada ya chakula cha asubuhi, na kimoja baada ya chakula cha jioni. Usivimeze pamoja, mwili haupokei vizuri vingi kwa mara moja. Vitamini D usiiguse mpaka daktari akuambie."

"Na vile vya kutafuna vya kiungulia?"

"Unavyo na hivyo? Vingi vina kalsiamu ndani yake! Kila unachomeza, mama, tuambie. Vidonge vya kuongeza damu na baadhi ya dawa nyingine havitaki kumezwa pamoja na kalsiamu, lazima vipishane kwa saa kadhaa. Ukisahau dozi, usimeze mbili siku inayofuata. Na dawa ikae kwenye chupa yake, yenye maandishi yake. Maziwa, mboga za majani na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, hivyo kula."

Mama Vifungo alirudi kazini. Suruali ya mwalimu mkuu ikasawazishwa miguu, sare ya nesi ikarudishiwa mifuko kifuani. Binti hakutaja tena gari. Badala yake alikuja kila wiki kuisoma chupa kwa sauti, mstari kwa mstari, mama yake akiitikia.

Siku moja alikuja anachechemea.

"Mama, goti linaniuma. Nipe kimoja cha kwako nijaribu."

Mama Vifungo hakuacha kushona. "Chupa hiyo ina jina la nani?"

"Lako."

"Basi goti lako lipeleke kwa nesi, likapimwe. Na ukitoka huko, pitia hapa. Nina makoti sita, nataka mtu wa kunipigia pasi."